Namna ya Kuendelea Kuwasiliana Serikali Inapofunga Simu za Intaneti: Mwongozo kwa Wakazi wa Lubumbashi

Marufuku ya kupiga simu kwa intaneti humfikia mkazi wa Lubumbashi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni pale serikali ya Kinshasa inapoziamuru kampuni za simu kufunga mtandao au baadhi ya programu zake, jambo ambalo limetokea mara kadhaa katika miaka hii. Njia ya pili haizungumzwi sana, ingawa inawagusa watu wengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi: ni marufuku ya nchi wanakoishi ndugu zetu na wenzetu wa biashara. Muuza nguo wa soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, ana mdogo wake Dubai, muuza vipuri ana wakala wake Guangzhou, China, na familia nyingi zina mtu Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Simu ina ncha mbili, na ncha moja ikifungwa mazungumzo hukatika hata kama ncha ya pili iko huru kabisa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutambua kilichofungwa, namna ya kupanga mawasiliano mbadala kabla ya safari au kabla ya uchaguzi, na mambo ambayo ni afadhali kuyaacha, kwa sababu baadhi ya dawa zinazouzwa kwa tatizo hili ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba ni marufuku

Simu ya WhatsApp ikikataa, watu wengi wa hapa husema papo hapo kwamba serikali imefunga. Mara nyingi sivyo. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika kwa saa nyingi, minara ya simu hubaki ikitegemea betri na jenereta, na betri zikichoka mtandao wa mtaa mzima hudhoofika. Mega, yaani data ya kununua, nazo huisha bila mwenyewe kujua, hasa kwa wanaonunua za siku moja, na programu ambayo haijasasishwa kwa miezi mingi inaweza kukataa kupiga simu hali kila kitu kingine kiko sawa.

Fanya jaribio kwa utaratibu. Mtumie mwenzako ujumbe wa maandishi, kisha ujumbe wa sauti, kisha picha, ndipo upige simu. Baada ya hapo fungua tovuti yoyote ya habari. Rudia yote kwa laini ya kampuni nyingine, na ikiwezekana kwa Wi-Fi ya ofisi au ya jirani. Mwisho, kwa programu ile ile, mpigie mtu aliye hapa hapa mjini. Ukimpata wa mtaa wa Katuba bila shida na yule wa Dubai hapatikani, tatizo liko upande wa Dubai, na hakuna kitu utakachobadilisha kwenye simu yako kitakacholiondoa.

Marufuku ya simu peke yake ina dalili yake ambayo ukishaiona mara moja hutaisahau. Maandishi yanapita, picha zinapita, hata simu yenyewe mara nyingi inaita. Mwenzako anaiona, anaipokea, kisha skrini inabaki ikionyesha kwamba inaunganisha, sekunde zinakwenda bila sauti, na simu inakatika yenyewe. Sababu ni kwamba mwito hupita katika njia ile ile ya ujumbe, ilhali sauti husafiri kwa njia nyingine, katika vifurushi vidogo vya data vinavyotumwa mfululizo, na mitambo ya kampuni ya simu huweza kuvitambua kwa mwendo wake na kuvizuia ingawa haiwezi kusikiliza kilichomo. Programu nzima ikikataa, maandishi pamoja na simu, huku tovuti zikifunguka, basi programu hiyo ndiyo iliyofungwa. Tovuti nazo zisipofunguka kwa laini za kampuni zote, huo ni ufungaji wa mtandao mzima, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Anayetaka uthibitisho anaweza kuweka programu ya bure iitwayo OONI Probe, ambayo hupima kama WhatsApp, Telegram, Signal na tovuti mbalimbali zinapatikana kwenye mtandao wako. Ni lazima ajue kwamba matokeo yake huchapishwa hadharani, bila jina lake lakini pamoja na jina la nchi na la kampuni ya simu, kwa hiyo katika nchi ambayo serikali yake ni kali afikirie mara mbili kabla ya kuitumia.

Kwa nini serikali hufunga

Sababu inayotajwa hadharani huwa ni usalama au leseni. Sababu iliyo nyuma yake, katika nchi nyingi, ni pesa ya dakika. Simu ya kawaida kutoka nchi za nje hulipiwa kwa dakika, na kampuni inayoipokea hupata sehemu yake, ambayo serikali nayo huitoza kodi. Simu ya intaneti hupita bila kulipa ada hiyo. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambamo Dubai imo, huduma hii inaruhusiwa tu kupitia kampuni zenye leseni, ambazo ni Etisalat na du, na serikali ina hisa kubwa katika hizo. Nchini Moroko, kampuni tatu za simu zilifunga simu za WhatsApp, Viber na Skype mnamo Januari 2016, na mamlaka ya mawasiliano ikazitetea kwa hoja ya leseni. Ethiopia ilitunga mwaka 2012 sheria ya udanganyifu katika mawasiliano iliyofanya utoaji wa huduma za simu za intaneti kuwa kosa, wakati ambapo kampuni ya simu nchini ilikuwa moja tu, nayo ni mali ya serikali.

Majirani zetu walijaribu njia ya kodi badala ya marufuku. Uganda ilianza tarehe 1 Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na nyinginezo; katika mwaka wa kwanza wa fedha zilikusanywa shilingi zisizofika bilioni 50, ilhali zilitarajiwa bilioni 284, kwa kuwa watu wengi walikimbilia Wi-Fi za ofisini au VPN, programu ya kukwepa kizuizi ambayo nitaieleza mbele. Mwaka 2021 kodi hiyo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bei ya data. Zambia nayo, mwezi Agosti 2018, baraza lake la mawaziri liliidhinisha ada ya ngwee 30 kwa siku kwa simu za intaneti. Kwa maoni yangu, kodi na marufuku vinatofautiana kwa jina kuliko kwa matokeo: tajiri ananunua njia nyingine, na anayebaki bila sauti ni yule aliyekuwa akipiga simu kwa intaneti kwa sababu hana pesa ya dakika.

Kabla ndugu hajapanda ndege

Maandalizi yote ya maana hufanywa Lubumbashi, simu zote mbili zikiwa mezani, kwa sababu baadhi ya programu ni vigumu kuzipakua au kuzisajili mtu akishafika.

Kwa anayekwenda Dubai, jambo la kwanza ni kujua kwamba WhatsApp itabaki ikifanya kazi kwa maandishi, picha na ujumbe wa sauti, na kwamba simu ndizo zilizofungwa. Zipo programu zilizoidhinishwa na mamlaka ya huko, na inayojulikana zaidi ni BOTIM. Ilipoanza kuuzwa pamoja na vifurushi maalumu mwaka 2018, Etisalat ilitoza dirhamu 50 kwa mwezi kwa simu ya mkononi, yaani takriban dola 13 na nusu. Bei na masharti hubadilika, kwa hiyo msafiri aulize dukani anaponunua laini yake. BOTIM ni lazima iwepo pande zote mbili, na mama aliyebaki nyumbani ndiye hasa anayehitaji kufundishwa kuitumia mapema. Programu za mikutano kama Zoom na Microsoft Teams ziliruhusiwa mwaka 2020 wakati wa janga la korona, na zikaingizwa katika orodha ya zilizoidhinishwa. Kwa familia nyingi hii ndiyo njia nyepesi: mmoja anafungua akaunti ya Zoom, anatuma kiungo kwa WhatsApp, na wengine wanakibonyeza kwa saa waliyokubaliana. Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40, jambo ambalo kwa mazungumzo ya kifamilia wakati mwingine ni neema.

Iko tahadhari moja. Mwaka 2019 ilizuka huko programu ya simu za bure iitwayo ToTok, ambayo haikuwa imefungwa na watu waliishangilia. Mwezi Desemba wa mwaka huo gazeti la New York Times liliripoti kwamba ilikuwa chombo cha upelelezi cha serikali ya Falme, na Google na Apple wakaiondoa katika maduka yao. Programu inayopita pale ambapo nyingine zote zimezuiwa ina sababu ya kupita. Kwenye programu zilizoidhinishwa na serikali ongea habari za watoto, afya na mizigo, na mambo mengine yaache.

China ni habari tofauti, kwa kuwa huko WhatsApp nzima imefungwa tangu 2017, na huduma za Google zilikuwa zimefungwa kabla ya hapo. Mwanafunzi au mfanyabiashara anahitaji WeChat, na kuisajili akaunti mpya mara nyingi kunahitaji mtu mwenye akaunti ya zamani athibitishe kwa kupiga picha msimbo kwenye skrini. Wafanyabiashara wa mjini wanaokwenda Guangzhou kila mwaka wanaweza kukusaidia. Uombe msaada huo wiki kadhaa kabla ya safari, na akaunti uitumie kidogo kidogo kabla ya kuondoka, maana akaunti mpya inayoanza mara moja kupiga simu nyingi huweza kusimamishwa. Laini ya Kongo ikiwashwa data nchini China huwa inapitisha mawasiliano yake kupitia kampuni ya nyumbani, na kwa hiyo WhatsApp hufunguka, lakini gharama ni kubwa mno kwa matumizi ya kila siku. Ibaki kuwa ya dharura.

Kwa wanaovuka Kasumbalesa, Zambia haina marufuku ya kudumu, lakini siku ya uchaguzi, tarehe 12 Agosti 2021, WhatsApp na mitandao mingine ilizuiwa, na Mahakama Kuu ikaamuru siku iliyofuata ifunguliwe. Mwenye mzigo mpakani siku za uchaguzi, wa kwao au wa kwetu, awe na laini ya kila upande iliyosajiliwa kwa jina lake, na aweke simu ichague mtandao kwa mkono, la sivyo itarukia mnara wa ng'ambo na kumla uniti bila yeye kujua.

Ujumbe wa sauti ukitumiwa kwa utaratibu

Kati ya njia zote, ninaipa ujumbe wa sauti nafasi ya kwanza. Unapita karibu kila mahali simu zilipofungwa, kwa sababu kwa mitambo ya kampuni ya simu hauna tofauti na picha: ni faili linalotumwa na kupokelewa. Unasikika na mzee asiyejua kusoma, haumlazimishi yeyote kuwa kwenye mtandao kwa saa moja na mwenzake, na mtandao ukidhoofika unasubiri kisha unaondoka wenyewe. Kasoro yake ni kwamba watu huutumia kama mazungumzo ya kibarazani: wanatuma vipande ishirini vyenye mambo kumi, na bei ya mzigo inapotea katikati ya salamu.

Kwa biashara, kila ujumbe uwe na jambo moja. Uanze kwa siku na namba ya ujumbe, tarakimu zitajwe mara mbili, na mwisho useme wazi unachosubiri. Dada aliyeko Lubumbashi anaweza kusema hivi: «Mdogo wangu, jambo. Leo Jumanne jioni, ujumbe wa pili kati ya mitatu. Ni juu ya viatu: katoni kumi na mbili, narudia, kumi na mbili, siyo ishirini. Usilipe kwanza, nijibu kama namba thelathini na nane zimo.» Na mdogo wake ajibu kwa kurudia alichosikia kabla ya kuongeza lake: «Yaya, nimesikia ujumbe wa pili. Katoni kumi na mbili, na silipi mpaka nikujibu juu ya namba thelathini na nane.» Kurudia huku kunaonekana kama utoto hadi siku katoni ishirini zinapofika na kila mmoja anasema hakukosea. Jumla ya pesa, namba ya kontena na jina la mpokeaji ziandikwe kwa maandishi pia, kwa kuwa hayo ndiyo mtu atakayoyatafuta baada ya miezi miwili.

Kubalianeni saa. Dubai iko mbele yetu kwa saa mbili na China kwa saa sita, kwa hiyo jioni ya saa kumi na mbili hapa tayari ni usiku wa manane Guangzhou. Familia iliyozoea kupigiana simu wakati wowote inapaswa kuwa na nafasi mbili za siku ambapo kila mmoja anafungua simu na kujibu. Bila hivyo ukimya wa kawaida hugeuka wasiwasi, na wasiwasi humfanya mtu anunue uniti nyingi za simu ya kimataifa kuuliza tu kama mwenzake mzima.

Habari ya msiba isitumwe kwa ujumbe wa sauti wala kwa kundi la familia. Mtu aliye peke yake chumbani Sharjah, jirani na Dubai, anayebonyeza ujumbe akidhani ni salamu na kusikia vilio vya matanga, ametendewa ukatili ambao hakuna aliyeukusudia. Kila familia iweke akiba ya uniti kwa simu ya kawaida ya kimataifa, ichague mmoja atakayepiga, na wote wajue kwamba makundi yatanyamaza mpaka yeye aseme amekwisha kupiga.

Wako watu ambao ujumbe wa sauti hauwafai hata kidogo. Viziwi huongea kwa lugha ya ishara kwa njia ya video, na video ikizuiwa hubaki na maandishi peke yake. Mnamo Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali yetu ilipofunga ujumbe mfupi nchini kote, viziwi walilalamika kwamba walikuwa wamekatiwa njia yao ya kujua hata usalama wa barabara. Mwenye ndugu kiziwi ng'ambo amrekodie video fupi fupi na kuzituma kama faili. Ni polepole, lakini zinapita.

Linda pesa wakati sauti hazisikiki

Matapeli huelewa marufuku haraka kuliko wengi wetu. Siku ambazo simu hazipiti, ujumbe unaosema «nimebadilisha namba, nimekwama, nitumie pesa kwa jina la rafiki yangu» ni mgumu kuukagua, kwa kuwa njia ya kawaida ya kuhakikisha, yaani kumpigia na kusikia sauti yake, haipo. Wekeni swali la siri la familia, ambalo jibu lake halipo popote kwenye mtandao: si jina la shule wala tarehe ya kuzaliwa, bali kitu kama jina la jirani wa zamani aliyekuwa na mbuzi wengi. Ombi lolote la pesa kutoka namba mpya lijibiwe kwa swali hilo, na jibu lije kwa ujumbe wa sauti ili sauti yenyewe isikike, tena litaje siku na saa, kwa kuwa sauti ya zamani inaweza kurekodiwa na kutumwa tena.

Pesa za hapa nchini zina wepesi wake. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money hutumika kwa ule msimbo wa nyota bila mega, na kwa hiyo intaneti ikifungwa mtu bado anaweza kuangalia salio na kutuma. Jizoeze njia hiyo sasa, hasa kama umezoea programu yenye picha, na andika misimbo kwenye karatasi. Mfanyabiashara anayepokea malipo kwa simu aandike kila muamala kwenye daftari siku hizo, kwa kuwa uthibitisho unaweza kuchelewa.

Kuhusu VPN

Swali la VPN huulizwa kabla ya mengine yote, nami nimeliweka hapa makusudi. VPN hupitisha mawasiliano yako katika mfereji uliofungwa hadi kwenye seva ya nchi nyingine, hivyo kampuni yako ya simu haioni unatumia programu gani. Inafaa pale programu moja au chache zimefungwa kwako wewe. Haifai pale mtandao mzima umezimwa, kwa kuwa mfereji hauna pa kupita, na wala haifai pale aliyefungiwa ni mwenzako: watu wengi mjini huweka VPN kwenye simu zao ili wampate aliye Dubai, kisha hushangaa kwamba hakuna kilichobadilika isipokuwa betri kuisha mapema.

Je, aliye Dubai aiweke yeye? Sheria ya Falme ya mwaka 2021 kuhusu uvumi na makosa ya mtandao inamwadhibu anayeficha anwani yake ya mtandao kwa hila ili atende kosa au kosa lisigunduliwe, na faini yake ni kuanzia dirhamu 500,000 hadi milioni 2, kifungo kikiwa kinawezekana pia. VPN yenyewe si kosa, na kampuni nyingi huko huitumia kwa kazi zao; tatizo ni kuitumia kukwepa kilichokatazwa. Wako wanaoitumia kila siku bila kusumbuliwa, lakini anayeishi kwa viza inayotegemea mwajiri ana mengi ya kupoteza kuliko dakika kumi za mazungumzo, na ndugu walio hapa wasimshinikize.

Kwa matumizi ya hapa Kongo, chagua VPN ya kampuni inayojulikana na uiweke mapema. Za bure zisizojulikana mwenyewe ni nani nyingi huishi kwa kuuza taarifa za watumiaji, na yale mafaili yanayosambazwa kwenye makundi yakijiita WhatsApp mpya isiyofungwa yasiguswe kabisa. WhatsApp yenyewe, tangu Januari 2023, ina sehemu katika mipangilio ya kuunganisha kupitia seva ya kati inayotolewa na watu wa kujitolea. Inasaidia ujumbe kupita pale programu ilipozuiwa, na ujumbe unabaki umefungwa kwa siri kama kawaida.

Iwapo Kinshasa itafunga

Tunayo historia ya kutosha kujua nyakati za hatari. Januari 2015 intaneti ilikatwa wakati wa maandamano dhidi ya mswada wa sheria ya uchaguzi. Desemba 2016, muhula wa rais ulipokuwa ukiisha, mitandao ya kijamii ilizuiwa. Tarehe 30 Desemba 2017 intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa kabla ya maandamano ya siku iliyofuata. Na tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa takriban siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2019. Angalia miezi hiyo: Desemba na Januari, wakati ule ule ambao wafanyabiashara wanahesabu mauzo ya sikukuu na wazazi wanatafuta pesa za shule.

Basi mwezi Novemba wa mwaka wa uchaguzi, fanya mambo haya. Andika namba za simu kumi muhimu kwenye karatasi, kwa sababu wengi wetu hatujui kwa kichwa hata namba ya mke au mume. Kubaliana na wa ng'ambo kwamba mtandao ukikatika wao ndio watakaopiga simu ya kawaida, siku fulani na saa fulani, kwa kuwa mara nyingi ni nafuu kwao kuliko kwako. Wawe na namba zako mbili, za kampuni tofauti, maana kampuni moja inaweza kurejea kabla ya nyingine. Usinunue kifurushi cha mwezi mzima katika wiki ya uchaguzi. Muda wake utaendelea kuhesabiwa huku mega hazitumiki. Mzigo ambao malipo yake yanangoja kauli yako, toa kauli hiyo kwa maandishi kabla, ukitaja kiasi cha juu kabisa ambacho wakala anaruhusiwa kulipa bila kukuuliza.

Vyombo vya satelaiti vimeanza kusikika katika mazungumzo haya. ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilikataza Starlink mwaka 2024 na ikaipa leseni mwaka 2025. Mwenye leseni hupokea amri za serikali kama kampuni nyingine, kwa hiyo asidhani mtu kwamba dishi juu ya paa limemtoa nje ya marufuku.

Namna ya kulalamika

Malalamiko yasiyo na tarehe hayafiki popote. Tangu siku ya kwanza andika saa tatizo lilipoanza, kampuni, aina ya huduma iliyokataa na iliyofanya kazi. Piga picha ya skrini. Hifadhi risiti za kifurushi kilichokwisha bila kutumika na hasara nyingine yenye karatasi. Barua iandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndicho kinachosomwa ofisini, nakala moja kwa kampuni na nyingine kwa ARPTC, na iombe kitu kimoja kinachowezekana, kama vile kurudishiwa siku za kifurushi. Katiba ya 2006 inalinda uhuru wa kujieleza katika ibara ya 23 na siri ya mawasiliano katika ibara ya 31. Zitaje, lakini usitegemee kwamba zitamaliza hoja. Sekta yenyewe inaongozwa na sheria ya tarehe 25 Novemba 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2002.

Malalamiko ya pamoja yana nguvu zaidi. Wamoroko walizijaza kurasa za Facebook za kampuni zao za simu hasira na kuondoa zile alama za kupenda kwa maelfu, wakatia sahihi maombi, na kabla mwaka huo wa 2016 haujaisha, wakati mkutano wa dunia wa hali ya hewa ulipokuwa ukikaribia Marrakech, simu zilifunguliwa. Nchini Zambia, shirika la kiraia lililokwenda mahakamani mwaka 2021 lilipata mwaka uliofuata makubaliano yanayoifunga mamlaka ya huko isikate mtandao bila msingi wa kisheria. Chama cha wafanyabiashara wa soko, chenye orodha ya hasara za wanachama na wakili mmoja, kinaweza kuanza na hilo.

Simu zikifunguliwa, sasisha programu kabla ya kitu kingine, linganisha daftari lako na orodha ya miamala ya kampuni ya simu, na ondoa kila programu uliyoiweka kwa haraka siku za marufuku, ukianza na ile inayoomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako.